Alipata A ya muundo wa jamii, halafu akasema tatizo ni yeye

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuwa anapanga kabati lake, akakuta daftari la sosholojia la mwaka wa kwanza chuo, akanirushia kitandani akasema hili katupe. Nikalifungua. Mwandiko safi, vichwa vya habari kwa peni nyekundu, maelezo kwa bluu: utamaduni, kaida, hadhi, dhima, tabaka, taasisi, muundo wa jamii. Kila neno lina maana yake mistari miwili mitatu, na pembeni kachora kinyota, yaani hili linatoka kwenye mtihani. Nikamuuliza ulipata ngapi, akasema A. Halafu huku kainamia nguo akasema, "Dada, miaka mitatu sasa natafuta kazi. Wenzangu washafika mbali. Tatizo ni mimi tu, nimefeli maisha."

Nikabaki nimeshika daftari, neno halitoki. Maana jibu la alichosema lilikuwa kwenye ukurasa niliokuwa nimeufungua, ule wa muundo wa jamii, yaani jinsi nafasi na taasisi za jamii zilivyopangwa, kwa mwandiko wake mwenyewe, na darasa zima la mwaka mmoja hakuna aliyemwambia kwamba pale anazungumziwa yeye.

Hiki ndicho kinachoniuma kwa namna tunavyofundisha sosholojia ya utangulizi. Tunagawa maneno kama msamiati wa lugha ya kigeni. Fafanua kaida, taja aina mbili za hadhi, eleza tofauti ya hiki na kile, alama tano, mwanafunzi anakariri, anatapika kwenye karatasi, anasahau. Wakati haya maneno yalizaliwa na watu waliokuwa wanahangaika kuelewa kwa nini maisha ya watu yanakwenda yanavyokwenda.

Chukua hilo la ajira. Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills alitenganisha shida ya mtu binafsi na suala la umma, na mfano wake wa kwanza ulikuwa kukosa kazi. Alisema kwenye mji wa watu 100,000 akikosa kazi mtu mmoja, basi mwangalie yeye, tabia yake, ujuzi wake, nafasi zilizo mbele yake. Lakini kwenye taifa la wafanyakazi milioni 50 wakikosa kazi milioni 15, huwezi kupata jibu kwa kumkagua mmoja mmoja, kwa sababu mpangilio wenyewe wa nafasi umebomoka. Mtu wa milioni ya saba anaweza kuwa hodari, mwadilifu, anaamka alfajiri, na bado hana kazi. Akaendelea kwenye vita, akaendelea kwenye ndoa: mke na mume wanaweza kuwa na yao ndani ya nyumba, ila kama katika kila ndoa 1,000 zinavunjika 250 ndani ya miaka minne ya mwanzo, hapo kuna kitu kwenye taasisi ya ndoa yenyewe na kila kinachoizunguka. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya, nikawakumbuka watu kibao niliokuwa nimewahukumu kichwani mwangu bila hata kuwauliza kitu.

Na Mills hakuanzia hewani. Mwanasosholojia wa Ufaransa Émile Durkheim mwaka 1897 alichukua kifo cha kujiua, jambo ambalo kila mtu angeapa ni siri ya mtu na moyo wake, akaonyesha kwamba viwango vyake vinafuata mafungamano ya watu na wenzao, na kwamba katika jamii moja havibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Wakosoaji wanasema takwimu rasmi alizozitegemea zilikuwa na kasoro, sawa, wana hoja. Swali alilouliza bado limesimama.

Hata kaida, yaani zile taratibu ambazo watu wanazifuata bila kuambiwa, neno linalofundishwa kwa ukavu kuliko yote, lina uhai wake. Mwanasosholojia wa Marekani Harold Garfinkel aliwatuma wanafunzi wake nyumbani kwao, wakaishi kwa muda kati ya dakika 15 na saa nzima kana kwamba ni wapangaji kwa wazazi wao: wawe na adabu sana, wasianzishe maongezi, waongee pale tu wanapoongeleshwa. Hakuna aliyetukana wala kuvunja kitu. Wazazi wakachanganyikiwa, wengine wakakasirika, unaumwa? umegombana na nani? una nini wewe? Hebu fikiria mwalimu aanze somo hapo, kabla ya kuandika neno lolote ubaoni. Nani atahitaji kukariri?

Hadhi, yaani nafasi ya mtu katika jamii, na dhima, yaani yale anayotarajiwa kufanya kwenye nafasi hiyo, hivyo hivyo. Mdogo wangu ameacha kwenda kwenye mikusanyiko ya watu kwa sababu ya swali moja, siku hizi uko wapi? Ana hadhi mbili mwilini, msomi na asiye na kazi, na kila mtu anatarajia aishi dhima ya ile ya kwanza. Hilo lingekuwa mfano bora kuliko yote yaliyomo kwenye lile daftari.

Najua wapo watakaosema ukimwambia kijana kwamba tatizo ni muundo wa jamii unampa sababu ya kulala. Kuna watakaolala, sikatai. Na kweli barua ya maombi iliyoandikwa vibaya itabaki mbaya hata Mills afufuke. Lakini ninayemwongelea mimi halali, saa nane usiku taa yake inawaka, anarekebisha wasifu wake kwa mara ya ishirini akitafuta kosa ambalo halimo humo, na kumwacha mtu ajikague hivyo miaka mitatu ni ukatili, hata kama tunauita kumtia moyo.

Na maana za maneno lazima zijulikane, sawa, huwezi kushika jembe usilojua mpini wake uko wapi. Ila basi tumpeleke shambani!

Jioni ile nilimwambia achukue peni. Nikasema nitajie wale uliokuwa unakaa nao mstari mmoja darasani. Akataja 11. Nikamuuliza mmoja mmoja yuko wapi, na kwa saba akajibu sijui, hatujaongea muda mrefu. Kumbe hao "washafika mbali" hakuwa na habari zao, alikuwa anawaona kwenye picha tu. Akaanza kuwapigia palepale. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alipokea, wakacheka kidogo, kisha nikamsikia mdogo wangu anasema kwa sauti ya chini, "Hata wewe?" Akatoka nje na simu, akakaa kwenye ngazi, wakaongea mpaka giza likaingia.

Daftari sijalitupa.