"Hiyo ni ya watoto": lishe ya kunywa kwa mtu mzima mwenye Crohn

Mtu mzima mwenye Crohn, ugonjwa wa muda mrefu unaovimbisha utumbo na kuuletea vidonda, akiuliza hapa Nairobi kama anaweza kujaribu ile lishe ya kunywa, mara nyingi jibu linakuja haraka: hiyo ni ya watoto. Anaandikiwa prednisoloni, kidonge cha steroidi cha kutuliza uvimbe, anaambiwa arudi kliniki mwezi ujao, basi. Mimi sina ugomvi na prednisoloni, inafanya kazi, haina bei kubwa, na kuna watu imewatoa mahali pabaya sana. Kinachonisumbua ni vile hilo jibu linatolewa kama jambo lishaamuliwa, na ukifuatilia limetokea wapi unakuta linasimama juu ya namba moja ambayo wengi hawajaisoma mpaka mwisho.

Tunaongelea hivi. Unaacha chakula chote, ugali, chai, matunda, kila kitu, halafu kwa wiki 6 hadi 8 unaishi kwa fomula kamili peke yake, uinywe kwa kikombe au ipitishwe kwa mpira wa puani. Uji wa kuongezewa njugu na omena sio hii kitu, na zile juisi za kusafisha tumbo zinazouzwa mtandaoni ndio kabisa hazihusiki. Kwa watoto wenye Crohn miongozo ya Ulaya inaitanguliza mbele ya steroidi, na sababu sio kukua kwa mtoto, urefu na kilo, peke yake. Kuna utafiti wa Italia wa 2006, watoto 37, walipoingiziwa kamera baada ya wiki 10, vidonda vilikuwa vimepona kwa asilimia 74 ya waliokunywa fomula na asilimia 33 ya waliomeza steroidi. Ukiwauliza tu wanajisikiaje, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Yaani dalili zilipoa kote lakini utumbo wenyewe ukapona zaidi upande mmoja.

Sasa ile namba. Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima pamoja, walitoa mapitio yao 2018. Kwa wazima, waliotulia, yaani dalili zikapoa, kwa fomula walikuwa 87 kati ya 194, asilimia 45, na kwa steroidi 116 kati ya 158, asilimia 73. Kwa watoto ikageuka, fomula 83, steroidi 61. Ukiishia hapo utasema kesi imeisha, mwili wa mtu mzima haukubali hii tiba.

Lakini hao 194 ni kina nani? Ni kila mtu aliyepangiwa kunywa fomula, pamoja na yule aliyeonja siku ya kwanza akasema hapana, pamoja na aliyeshindwa wiki ya pili akarudi kwa chakula. Wote wanahesabiwa kama fomula imewashinda kuwatibu. Hiyo ndio njia ya haki ya kuhesabu, silaumu watafiti, manake tiba ambayo watu hawaimalizi ni tiba yenye shida. Ila inakwambia kitu tofauti na kile tunachoambiwa. Ukiwa na mtu ambaye amekunywa na akamaliza, hiyo 45 haimhusu moja kwa moja, inamhusu aliyekunywa na asiyekunywa wakiwa wamechanganywa. Na wenyewe Cochrane waliandika kwamba ushahidi wao ni wa kiwango cha chini sana, halafu wakasema lishe hii ifikiriwe kwa mtu mzima anayeweza kuvumilia mpira au anayeona ladha inapitika, na kwa yule ambaye steroidi zinamuumiza au ni afadhali azikwepe. Hiyo sentensi ndio inapotea njiani kati ya karatasi na kliniki. Kinachofika ni 45 kwa 73.

Halafu jiulize mtoto anafaulu vipi. Mtoto ana mama anayekoroga, anayeshika funguo ya kabati, anayekaa naye hospitalini mpira ukiingizwa. Mtu mzima anaambiwa enda ujaribu. Nina rafiki anayekaa mtaa wa Umoja, mhasibu, alijaribu akiwa anaenda kazini kila siku. Asubuhi anachemsha maji, anayaacha yapoe, anapima poda kwa kijiko cha kwenye mkebe, anatikisa kwa chupa, anabeba tatu kwa begi na kuomba Mungu stima isipotee jioni manake iliyokorogwa inafaa ikae kwa friji. Saa saba wenzake wanashuka kwa kibanda cha madondo na chapati, yeye anabaki na chupa ya vanila. Aliniambia njaa haikuwa shida, kalori zilikuwa zinatosha, shida ilikuwa mdomo kukosa kitu cha kutafuna. Na siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake shangazi akamuuliza mbele ya watu kama chakula cha hao wakwe kina makosa gani. "Shangazi, daktari amenikataza chakula kwa sasa," akasema, na bado sahani ililetwa. Alifika mwisho. Lakini alikuwa na mtaalamu wa lishe aliyekuwa anampigia kila wiki, akibadilisha ladha, akimkubalia apoze kabisa au agandishe barafu. Toa huyo mtu mmoja wa kupiga simu na nina hakika angekuwa kwa upande wa wale walioshindwa.

Kuna jambo lingine ambalo kwetu ni kubwa kuliko Ulaya, na sielewi kwa nini halitajwi zaidi. TB. TB ya utumbo na Crohn zinafanana mpaka daktari mzuri mwenye kamera nzuri anaweza kuchanganyikiwa: mahali palepale mwisho wa utumbo mwembamba, homa, kukonda, kuhara, vidonda. Mara nyingi mgonjwa amepitia dawa za amoeba na taifodi miaka miwili kabla hata ya hiyo kolonoskopi, kamera ya kuangalia ndani ya utumbo. Ukimpa steroidi mtu ambaye kumbe ana TB, umezima askari wa mwili wakati adui yuko ndani ya nyumba. Dawa za baiolojiki kama infliksimabu, zinazozuia sehemu ya kinga ya mwili, zinaweza kuamsha hata TB iliyolala. Fomula haizimi kinga. Kwa zile wiki ambazo majibu ya vipande vidogo vilivyokatwa kwenye utumbo bado yako maabara, au mgonjwa amewekwa kwa dawa za TB kwanza kuona kama ataitikia, mtu anaweza kulishwa vizuri, utumbo ukapumzika, bila kumfunga mikono daktari baadaye. Haitibu TB, na mgonjwa wa TB naye anaweza kuongeza kilo akiinywa, kwa hivyo kupata nafuu kusifanywe sababu ya kuacha uchunguzi. Ila kama njia salama ya kusubiri, mimi sioni inayoizidi.

Na upasuaji. Uingereza, pale Exeter, walichapisha 2017 habari za wazima 51 waliokuwa wamepangiwa kukatwa utumbo kwa sababu ya kuziba au usaha. Waliwekwa kwa fomula wakisubiri, na 13 kati yao, robo nzima, wakaishia kutohitaji kisu wakati ule, na waliopasuliwa wakapata matatizo machache kuliko wenzao walioenda moja kwa moja. Haukuwa utafiti wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu nani apate nini, ulikuwa wa kuangalia nyuma, kwa hivyo usiubebe kama mwisho wa maneno. Lakini ni wazima hao, si watoto.

Upande wa pili una hoja na sitaki kuzipunja. Ya kwanza ni pesa. Mkebe wa gramu 400 wa poda kama Ensure una kalori kama 1,700, mtu mzima anahitaji 2,000 na zaidi, kwa hivyo wiki 6 hadi 8 ni mikebe kama 50 hadi 66. Zidisha na bei ya famasi ya kwenu halafu linganisha na paketi ya prednisoloni. Na kwa sababu inaonekana kama chakula, bima inaweza kukwambia hicho ni chakula, rafiki yangu aliambiwa hivyo na akalipa mfukoni. Daktari anayejua mgonjwa wake anaishi ploti ya chumba kimoja Kayole bila friji hana ubaya akianza na kidonge, anamwonea huruma. Ila angalau amwambie chaguo lipo.

Ya pili ni kwamba ukirudi kwa chakula, ugonjwa unaweza kurudi, lazima kuwe na mpango wa dawa ya kuendelea nayo. Steroidi pia haziwezi kukushikilia kwa muda mrefu, hapo wote wako sawa. Wajapani walijaribu njia ya nusu, nusu ya kalori fomula na nusu chakula cha kawaida: utafiti wao wa 2006 wa watu 51, waliorudiwa na ugonjwa ndani ya karibu mwaka ni asilimia 34.6, na waliokula kawaida 64. Huko mtu mzima anajiingizia mpira puani usiku, analala fomula ikishuka, asubuhi anatoa anaenda kazini. Kuna pia lishe ya Israeli ya vyakula vilivyochaguliwa na fomula kidogo, wazima 44, 2022, asilimia 68 walitulia kwa wiki 6, na waliokula hivyo vyakula bila fomula 57, tofauti ambayo kwa watu wachache hivyo haithibitishi kitu. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa habari njema kwa mfuko, manake kuku, mayai, viazi, wali na ndizi zinapatikana Marikiti. Chapati, maziwa na smokie ndio zinatoka.

Ya tatu, hii si ya kila utumbo. Kwa kolaitisi ya vidonda, ugonjwa mwingine unaoshika utumbo mpana, haina nguvu hiyo, inaongeza mwili lakini haitegemewi kama tiba, na wanaouza mikebe wakichanganya hayo magonjwa mawili wanakosea watu. Na mtu aliyekonda sana asianze peke yake nyumbani, akijazwa ghafla fosfeti na potasiamu kwa damu zinaweza kushuka mpaka moyo ukasumbuka. Anaanzishwa polepole, damu ikipimwa.

Kwa hivyo ukiwa mtu mzima na umepewa hiyo karatasi ya prednisoloni, uliza mambo haya kabla hujatoka: ugonjwa wangu ni Crohn kweli na mmehakikishaje kwamba sio TB? Kuna mtaalamu wa lishe hapa atakayenifuata kila wiki? Na tukifika wiki ya 3 hakuna mabadiliko, tunahamia dawa gani? Daktari akisema kwa hali yako ya leo steroidi ni afadhali na akueleze kwa nini, meza. Akisema tu ni ya watoto, muulize tena.