Mvuke wa jaruba la mjomba

Mjomba wangu anavuna chumvi upande wa Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Bamvua likijaa anafungua mfereji, maji yanaingia bwawa la kwanza, na kuanzia hapo kazi ni ya jua. Maji yanahamishwa bwawa hadi bwawa, yanazidi kuwa mazito, mpaka yafike jaruba la mwisho ambako chumvi inaganda. Vijana wanaikwangua, wanairundika na kuifunika makuti.

Nilikwenda kumjulia hali majuzi, saa saba mchana, jua la utosi. Tukiwa tumesimama juu ya tuta nikamwambia, "Mjomba, kila siku hapa unapoteza maji masafi kabisa."

"Maji gani, mwanangu? Sisi hapa maji ya kunywa tunanunua kwa dumu."

Nikamwonyesha juu, kwenye hewa iliyokuwa ikichezacheza juu ya jaruba. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Yaliyobaki karibu yote ni maji, na yanapopanda kuwa mvuke yanaiacha chumvi chini. Yeye anachukua chumvi, mvuke unakwenda zake.

Sasa kuna watu wanaotaka kuushika mvuke ule ule na kuupasua. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzao wa vyuo vingine, walionyesha kifaa cha sentimita 10 kwa 10, hakizidi sana kiganja. Juu kina sola. Sola huwa inageuza sehemu ndogo tu ya jua kuwa umeme, sehemu kubwa inabaki kuwa joto la bure. Kifaa hiki kinalitumia joto hilo kukausha maji ya bahari yaliyotandazwa membamba. Mvuke unageuka tena kuwa maji, safari hii hayana chumvi, na umeme wa sola unayapasua kuwa oksijeni na hidrojeni, gesi inayoweza kuchomwa kama nishati. Kwa saa moja kilitoa mililita 200 za hidrojeni. Hiyo ni glasi moja ya chai ya gesi, na uzito wake haufiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Ni kidogo mno, lakini njia yenyewe ndiyo iliyonigusa, kwa sababu nusu yake ya kwanza ni jaruba la mjomba.

Kuyapasua maji si jambo geni. Kwa umeme lilifanyika tangu mwaka 1800, na mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza jinsi mwanga ukipiga kwenye oksidi ya titani ndani ya maji unavyoweza kufanya kazi hiyo. Ugumu uko kwenye bahari yenyewe. Ukitumbukiza nyaya moja kwa moja kwenye maji ya chumvi, upande mmoja unapata hidrojeni na upande wa pili, badala ya oksijeni, inaweza kutoka klorini, ile ile tunayotibia maji ya kunywa. Kidogo ni dawa. Ila kama yote ikitoka hivyo, kila kilo ya hidrojeni inakuja na kilo 35 za klorini, na hiyo ni gesi ya sumu inayokula chuma na mapafu. Kwenye bahari tunayofuga mwani, na yenye hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale, sitaki hata kufikiria.

Halafu kuna maji machungu. Mjomba anayajua vizuri. Chumvi ikishaganda, juu yake hubaki maji mazito yanayoteleza, na ukichelewa kuyamwaga chumvi yote inakuwa chungu. Uchungu ule ni magnesiamu. Ndani ya mtambo, magnesiamu hiyo pamoja na kalsiamu hugandia kwenye ncha ya umeme na kuweka tabaka gumu jeupe kama la ndani ya birika. Wachina walilikwepa tatizo hili kwa utando unaopitisha mvuke tu na kuzuia maji ya chumvi. Mwaka 2022 walieleza kwamba mtambo wao, uliotumia maji ya bahari ya ghuba ya Shenzhen, ulifanya kazi zaidi ya saa 3,200 bila kuharibika.

Sisi watu wa pwani tunapaswa kuuliza kwanza juu ya uimara huo. Bati la nyumba ya mjomba lilikula kutu kabla watoto hawajamaliza shule ya msingi. Kijiji kimoja nilichokaa utotoni kiliwahi kuletewa mtambo wa sola wa kuchuja maji ya bahari. Ulizinduliwa kwa ngoma na shamrashamra. Chujio lilipoziba hakuna aliyekuwa na jingine wala aliyefundishwa kulisafisha, na nilipopita tena nilikuta kuku wanataga chini ya tangi. Sijasahau, na naliandika hili kwa uchungu.

Kuna maneno nayasikia sana: bahari haiishi, jua haliishi, basi nishati itakuwa ya bure. Hapana. Kilo moja ya hidrojeni inataka maji lita 9 tu, na kuyatoa chumvi kwa mitambo ya kawaida hakuli hata sehemu ya ishirini ya uniti moja ya umeme. Kuyapasua ndiko kunakokula uniti 50 hivi. Gharama iko kwenye umeme. Ninachokipenda katika maji ya bahari ni kwamba yanatuepusha kugombania mto Pangani, ambao tayari una mashamba, watu na mitambo ya umeme ya Hale.

Na kwa kuwa hidrojeni ni ghali hivyo, tusiichome ovyo. Kupikia? Uniti 50 ukizipeleka moja kwa moja kwenye jiko la umeme utapika zaidi. Magari nayo betri inayatosha. Kuisafirisha Ulaya kwa meli kunataka kuipoza hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, au kuigeuza kwanza kuwa kitu kingine.

Mimi nasema igeuzwe, lakini ibaki hapa. Igeuzwe mbolea.

Tanga ilikuwa na kiwanda cha mbolea miaka ya 1970 na 1980. Wazee wa Ngamiani wanakikumbuka. Malighafi zake nyingi zilikuja kwa meli, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilifungwa. Mwaka 2022 mfuko wa urea ulipopita shilingi 100,000 na serikali ikabidi iweke ruzuku, ndipo wengi wetu tulipoona jinsi tunavyotegemea gesi ya watu wengine. Mbolea ile inaanza na amonia, na amonia ni hidrojeni, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye gesi asilia, pamoja na naitrojeni ya hewani.

Nimepiga hesabu. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 unahitaji hidrojeni kilo 5 hivi. Hayo ni maji lita 45, madumu mawili na ushei. Umeme ni kama uniti 250, zaidi ya matumizi ya miezi mitatu ya nyumba ndogo. Tandika sola eneo la kuchezea mpira kama la Mkwakwani, na siku ya jua zuri utapata uniti 7,000 hivi, yaani mifuko 28. Urea inahitaji pia hewa ukaa, nayo inatoka kwenye matanuru yetu ya saruji na chokaa bila kazi yoyote. Masika uzalishaji utashuka, kama chumvi inavyoshuka.

Leo hidrojeni ya gesi asilia bado ni nafuu zaidi, najua. Ila kila kilo yake inaacha karibu kilo 10 za hewa ukaa angani. Tanga imepokea bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Mji uliopata nafasi ya kitu kikubwa hivyo haukosi nafasi ya majaribio ya eka moja, yenye mafundi waliofundishwa hapa hapa na vipuri vilivyonunuliwa kabla ya siku ya uzinduzi.

Nilipomaliza maelezo yote hayo mjomba aliuliza jambo moja tu: "Na chumvi itabaki?"

Itabaki, nikamwambia. Kinachochukuliwa ni maji.

Akasema jaruba la mwisho upande wa mikoko, lile linalovuja, yuko tayari kulitoa.