Kabla ya Kuongeza Seli, Kagua Njia ya Hewa

Jeti ya modeli, ile ya foamu inayosukumwa na feni ya umeme, ikigoma kupaa, ushauri unaotolewa haraka ni ule ule: ongeza betri. Toka betri ya seli nne nenda ya sita, badilisha mota, nunua spidi kontrola (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) ya ampea nyingi zaidi. Nimeusikia ushauri huo mara nyingi na sikubaliani nao. Naamini jeti nyingi tunazojijengea nyumbani zina nguvu ya kutosha tangu siku zinapotoka mezani. Nguvu hiyo inapotelea ndani ya bomba la hewa, na inayobaki inatumika kubeba gundi, rangi na magurudumu.

Feni iliyofichwa tumboni mwa ndege ni njia ya gharama kubwa ya kupata msukumo, na hilo tusilikimbie. Chukua feni ya milimita 70, saizi ya kawaida kabisa. Ukiondoa kitovu cha katikati kinachobeba mota, eneo linalobaki la hewa kupita ni kama sentimita za mraba 31. Ili eneo dogo hivyo litoe msukumo wa kilo 1.8, hewa lazima itoke nyuma kwa mita 68 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 245 kwa saa. Hata feni isiyopoteza chochote ingekula wati 600 kwa kazi hiyo. Feni halisi, ukijumlisha na hasara za mota na spidi kontrola, inakula karibu mara mbili yake. Pangaboi la kawaida, lile la nje puani, la inchi 12 lingetoa msukumo huo huo ndege ikiwa imesimama kwa chini ya wati 200 za nadharia, kwa sababu linashika hewa nyingi na kuisukuma polepole.

Kwa hiyo kila gramu ya msukumo wa jeti tunainunua kwa bei ya juu, na kila kikwazo ndani ya bomba kinatula pesa.

Sasa angalia kinachotokea ukijaribu kufidia hasara hiyo kwa umeme. Ukiongeza mizunguko ya feni kwa asilimia 10, msukumo unaongezeka kwa asilimia 21, lakini nguvu inayotakiwa inaongezeka kwa asilimia 33. Ukitoka seli nne kwenda sita kwa mota ile ile, mizunguko ikaongezeka mara moja na nusu, mota itadaiwa nguvu mara tatu na zaidi, na itaungua. Basi unanunua mota nyingine, spidi kontrola nyingine na betri nyingine. Betri ya seli nne ya miliampea-saa 2,200 ina uzito wa gramu 240 hivi, na ya seli sita ya miliampea-saa 3,300 inapita gramu 500. Umeongeza robo kilo kwenye ndege ambayo tangu mwanzo shida yake ilikuwa kupaa.

Waliotutangulia hawakuwa na njia hiyo ya mkato. Miaka ya 1980 jeti za modeli ziliendeshwa na feni zilizozungushwa na injini ndogo za methanoli, na watu kama Bob Violett wa Florida walijipatia jina kwa kusafisha njia ya hewa na umbo la ndege mpaka zikakimbia kweli kweli. Baadaye Wajerumani wa kampuni ya Wemotec wakaleta feni ya Mini Fan 480, iliyokusudiwa mota ya kawaida ya brashi na betri za nikeli-kadimiamu. Mota hiyo leo tungeidharau. Ndege zao ziliruka kwa sababu zilikuwa nyepesi na bomba lilikuwa limechongwa kwa akili. Mota zisizo na brashi na betri za lipo, yaani za lithiamu, zilipofika, tulipata nguvu tele na tukaacha nidhamu ile.

Sisi tunaorushia Nairobi tuna sababu ya ziada ya kuirudia. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Mchana wenye nyuzi 25, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 kwa karibu asilimia 18. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inakupa msukumo pungufu kwa kiasi hicho hicho, ingawa inapata nafuu kidogo kwa kuwa mzigo wake umepungua na inazunguka kwa kasi zaidi. Bawa nalo linadai mwendo zaidi: ndege inayoanza kushindwa kubebwa na hewa kwa kilomita 40 kwa saa pwani, huku itaanza kwa 44. Namba za msukumo zilizoandikwa kwenye boksi hazikupimwa Nairobi. Ukijenga kwa kuziamini hivyo hivyo, ndege itakimbia nyasi zote mpaka uwanja uishe.

Nianze na mdomo wa kuingizia hewa, maana hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Ndege ikiwa imesimama, feni inavuta hewa kutoka pande zote, hata ile iliyo nyuma ya ukingo wa mdomo. Hewa hiyo ikikutana na ukingo mkali wa foamu iliyokatwa kwa kisu, haiwezi kukunja kona. Inajitenga na ukuta, inavurugika, na mapanga ya feni yanapokea fujo. Utaisikia: sauti inakuwa ya kukwaruza badala ya mvumo safi. Dawa yake ni ukingo wa mviringo. Mimi huzungushia kipande cha foamu ndani na nje ya mdomo, nikakisugua kwa msasa mkali, kisha msasa laini, mpaka ukingo uwe na unene wa milimita 8 hadi 10 na ujikunje bila kona. Halafu napaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, naiacha ikauke, nasugua tena kwa wepesi. Kazi hiyo haigharimu chochote ila jioni moja, na hakuna seli ya betri itakayokupa faida kama hiyo kwa uzito wa gramu chache.

Eneo la mdomo kwa ujumla liwe sawa na eneo la feni au lizidi kidogo. Ndege nyingi za kivita zina midomo midogo mno ukizipunguza kwa vipimo halisi, na kuilazimisha feni ipumue kwa midomo hiyo ni sawa na kunywa dafu kwa mrija uliobanwa. Toboa matundu ya ziada tumboni, mbele ya feni, na uyape ukingo wa mviringo vilevile. Wapo wanaosema matundu yanaharibu sura ya ndege. Yako chini, na ndege ikiwa angani hakuna anayeyaona.

Nyuma ya feni mambo yanageuka. Hapo bomba linatakiwa lipungue polepole mpaka tundu la mwisho liwe karibu asilimia 90 ya eneo la feni. Kwa feni yetu ya milimita 70, hiyo ni sentimita za mraba 28, au tundu lenye kipenyo cha milimita 60. Nyenzo nzuri kuliko zote nimeipata kwenye maduka ya vifaa vya ofisi: ile plastiki ngumu ya uwazi inayofunikia ripoti. Inakunjwa kuwa bomba, upande mmoja milimita 70, mwingine 60, na kufungwa kwa tepu. Hakikisha ukingo wa plastiki ulio ndani ya kiungo unaelekea nyuma, hewa iuteleze badala ya kuuparua. Nyaya za mota zilazwe ukutani. Waya mmoja uliolegea ukavuka katikati ya bomba unapiga kelele na kula msukumo safari nzima.

Nyaya zenyewe zina kanuni yake. Kama betri iko mbali na feni, refusha zile tatu zinazotoka kwenye spidi kontrola kwenda kwenye mota, usirefushe zinazotoka kwenye betri. Nyaya ndefu za betri huzalisha miruko ya volti inayoua kapasita za spidi kontrola, na kifo chake hutokea ndege ikiwa hewani.

Haya yote yanaweza kupimwa, na mtu asiyepima asianze kuzungumza habari za seli. Ifunge ndege kwa kamba mkiani, kamba kwenye mizani ya ndoano ya kupimia masanduku, mizani kwenye nguzo. Weka mita ya wati kati ya betri na spidi kontrola. Pima kwanza feni ikiwa peke yake na pete yake ya mdomo, kisha ipime ikiwa ndani ya ndege. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo inayoliwa na bomba lako. Ikizidi sehemu moja ya kumi, mimi narudi kwenye msasa.

Kuhusu uzito sitasema mengi, kwa sababu kila mjenzi anaujua ukweli wake anapoiweka ndege kwenye mizani. Gundi ya moto ni nzito. Itumie kwa nukta, si kwa mistari mirefu. Foamu nyeupe ya kufungia televisheni inayeyuka ikiguswa na gundi yenye kiyeyushi cha kemikali au supaglu ya kawaida, na rangi nyingi za kopo la kupuliza zinaichimba mashimo. Rangi ya maji, mkono mmoja tu, inatosha. EPO, ile foamu ngumu ya ndege za kiwandani, inavumilia supaglu bila shida. Magurudumu ya kukunjika ni mazuri kuyatazama, lakini kwa ndege iliyo chini ya kilo moja na nusu inayotua kwenye nyasi zetu, ningeyaacha kabisa. Irushe kwa mkono au kwa mpira wa kuvuta, na itue kwa tumbo lililopakwa tepu ngumu.

Anayetoka kwenye pangaboi ajue pia kwamba jeti haina hewa inayopulizwa juu ya mkia na mota. Ukipunguza mwendo, usukani wa kupanda na kushuka unalegea papo hapo. Feni nayo inachelewa kushika kasi, na hata ikishika, ndege nzito inahitaji muda kuongeza mwendo. Kwa hiyo wakati wa kutua feni isizimwe. Iache ikizunguka mpaka uwe na uhakika wa uwanja.

Kisha kuna suala la betri zenyewe, ambalo huku kwetu ni sababu tosha ya kuziheshimu zile ulizo nazo. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kubebwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Ndiyo maana kuagiza betri kunachukua muda na gharama, na anayeua betri ya seli sita anaweza kukaa chini wiki nyingi. Feni ya milimita 70 inayovuta ampea 55 inamaliza asilimia 80 ya betri ya miliampea-saa 3,300 kwa chini ya dakika tatu ukiiachia mpaka mwisho. Weka kengele ya muda kwenye rimoti, tua mapema, na usiilaze betri ikiwa imejaa; ihifadhi kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Na wale wanaochomoa seli za 18650, zile za umbo la silinda, kwenye betri za laptopu wakitaka kuzitumia kwenye jeti, tafadhali waache. Seli hizo hazikuundwa kutoa ampea hizo, na zikilazimishwa zinapata moto.

Wengine huniuliza, kama gharama ndiyo hiyo, kwa nini nisiweke pangaboi nikastarehe. Kwa sababu naipenda jeti. Naipenda inavyopita chini na kuvuma bila kitu kinachozunguka puani, na naipenda sauti yake. Feni ya mapanga matano kwa mizunguko 40,000 kwa dakika inalia kwa takriban hezi 3,300. Ya mapanga 12 kwa kasi hiyo inafika hezi 8,000, na sehemu kubwa ya kile kilio cha kuchosha inafifia, ukabaki mvumo wa hewa. Kitu ninachokipenda namna hiyo nataka kiruke vizuri.

Najua pia kwamba Mkenya anayeanza anataka kujenga modeli ya ndege ya kivita ya F-5, kwa sababu ndiyo aliyoiona ikikata anga la Nairobi siku za sherehe za kitaifa. Nakushauri uanze na L-39 Albatros, jeti ya mafunzo ya Waczech, na sababu iko kwenye mabawa. Ukizijenga zote mbili kwa urefu wa sentimita 110, L-39 inapata desimita za mraba 15.5 za bawa, F-5 inapata 10 tu. Kwa uzito ule ule, F-5 itatua kwa mwendo wa robo zaidi, Nairobi, kwenye hewa nyembamba. Midomo yake ya hewa nayo ni myembamba na bomba lake ni refu. Ukishaizoea L-39 ndipo uichore F-5 yako, na ukiichora lipanue bawa kwa asilimia 15, uyafungue matundu tumboni bila aibu. Watakaokuja na picha na rula kukuonyesha kwamba vipimo si vya kweli, waonyeshe mizani.