Nilimsindikiza mama mkwe India, nikarudi na msuli wa mtu

Kwanza niweke wazi, mimi sikuwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mama mkwe, magoti, miaka sita anatembea kama anapanda ngazi hata pakiwa tambarare, Tanga nzima wameshamsugua kwa mafuta ya kila aina mpaka ya simba, alafu siku moja akasikia ile habari ya binti wa Raila Odinga (Mungu amrehemu mzee), kwamba macho yaligoma akapelekwa Kerala kule India wakamtibu kwa dawa za asili akaona tena. Basi imeisha hiyo. Kama wameweza macho, goti ni nini? Watoto wake wakachanga, visa ikatoka, likabaki swali nani anamsindikiza, na kikao cha familia ambacho mie sikualikwa kikapitisha jina langu kwa sababu nauza spea pale Gerezani, Dar, "na dukani kuna kijana".

Siku 21, wakuu. Mimi na mama mkwe. Aliyeoa kwa watu wa pwani ananielewa, wengine niwaambie tu kwamba kwa miaka kumi na moja mama hajawahi kuniona nimevaa singlendi. Nikiingia barazani anavuta kanga, namwamkia nikiwa nimeinama naangalia miguu yake, anaitikia, anauliza watoto, tumemaliza mpaka Idi nyingine.

Tukapitia Muscat, tukashuka Kochi mwezi wa saba 2023, mvua inanyesha kama imetumwa. Huo ndio mwezi wao wanaouita Karkidakam, wanaamini mwili kipindi hicho cha mvua unapokea dawa vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Kila ukitaja Kerala watu wanakutajia Kottakkal, ile hospitali ya tangu 1902, lakini sisi hatukwenda huko, kwetu kulikuwa kituo kidogo tu upande wa Kodungallur, vyumba vichache chini ya minazi, na jina sitaji kwa sababu wao hawana kosa lolote kwenye haya yaliyonikuta.

Mama alifika akawa kwao. Sijui nisemeje. Asubuhi ya kwanza kaingia jikoni kakuta mbuzi ya kukunia nazi, ile ile ya kukalia, akapiga ukelele. Mihogo ipo, samaki wa nazi yupo, wanaume wamevaa misuli. "Hawa si ndo sisi hawa," anasema, akavuta kigoda, na kuanzia hapo kila akitoka kwenye matibabu unamkuta kwa yule mama mpishi wanafundishana, huyu anasema moja, mbili, tatu, yule anasema onnu, randu, moonnu, wanacheka kama wasichana wa madrasa.

Shida ikaanza kwa daktari. Daktari mwanamke, mpole, anaongea Kiingereza, mama anaongea Kiswahili tu, kwa hiyo mkalimani nani? Mimi. Akamshika mama mkono, vidole vitatu kwenye mshipa, akatulia kama anasikiliza redio, alafu akanigeukia akaniambia muulize anapata choo mara ngapi kwa siku.

Nikajifanya sijasikia.

Akarudia. Akaongeza, na kikitoka kinaelea au kinazama?

Yaani mie nimeuza spea miaka mingi, nimebishana na matrafiki, nimekaa kituo cha polisi usiku mzima kwa kesi ya gearboksi isiyo yangu, lakini jasho la siku ile sijawahi kulitoa. Nikamgeukia mama nikiangalia ukutani. "Mama, daktari anauliza... vipi... ule upande." "Upande upi?" "Ule wa... wa kupumzika." "Nalala vizuri tu." Nikamwambia daktari mara moja kwa siku, kinaelea. Akaandika. Alafu akauliza rangi. Na hilo nalo nikamjibia, nilichagua rangi kama mtu anayechagua rangi ya gari, na mpaka leo mle kwenye faili la mama kuna maelezo ya kurasa mbili ambayo yote nimeyatunga mimi, Mungu anisamehe, magoti yalipona hivyo hivyo.

Nikadhani nimemaliza. Daktari akaninyooshea mkono mie. Mshipa, vidole vitatu, kimya, akanitazama tumbo, akasema kapha imezidi (ule ute na uzito wa mwili kwa hesabu zao), una kilo ngapi, nikasema 104, akatikisa kichwa kwa huzuni. Sasa kichwa cha kule ni somo la peke yake. Hawakitikisi juu chini kama ndiyo wala kushoto kulia kama hapana, wanakiyumbisha katikati kama yule mdoli wa kwenye dashibodi ya daladala, na maana yake mara nyingi ni sawa, ndiyo, nimekuelewa, lakini mie siku zile za mwanzo nilikuwa naona ni hapana. Akaniuliza, nikuweke na wewe kwenye panchakarma? Mie kwa heshima nikayumbisha kichwa kama wao, nikimaanisha aaah hapana, sina haja. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mtu anagonga mlango na kikombe cha samli.

Kwa wasiojua, panchakarma ni usafishaji wa mwili, na jina lenyewe ni kazi tano: kutapishwa, kuharishwa, kuingizwa dawa kwa nyuma, dawa za puani na kutolewa damu. Si lazima ufanyiwe zote, na mie niliandikiwa hiyo ya pili. Lakini kabla ya kuharishwa lazima ulainishwe kwanza ndani na nje. Ndani unakunywa samli iliyopikwa na majani machungu, tumbo tupu, siku ya kwanza kikombe kidogo kama cha kahawa ya kijiweni, kesho kinaongezeka, keshokutwa kinaongezeka, siku ya tano ni bakuli. Samli chungu! Naipenda samli kwenye chapati, ile haikuwa samli, ilikuwa adhabu yenye mafuta. Unashushia na maji ya moto, hamna kula mpaka njaa iume kweli. Siku ya nne nilikuwa natoka samli mwilini, mbu akitua anateleza.

Nje ndo usingaji. Unavuliwa kila kitu unafungwa kitambaa kimoja chembamba cha ubinda, kwa kamba kiunoni, kitambaa ambacho hakifuniki ila kinaelekeza, alafu unalazwa kwenye kitanda cha mbao kizito kama mtumbwi chenye mfereji wa kuchuruzia mafuta, vijana wawili huyu kushoto huyu kulia wanakusugua kwa pamoja kama wanaendesha trekta. Ukitoka hapo unaingizwa kwenye sanduku la mbao kichwa nje, mvuke unakuja kwa chini. Wale waliopiga nyungu mwaka wa korona wanajua nusu yake. Kwa kweli mgongo uliachia, hilo nalisema.

Ikafika siku yenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaletewa haluli, kitu cheusi kitamu-kichungu kama kashata iliyoungua. Masharti: kaa chumbani, kunywa maji ya moto kidogo kidogo, usilale, usitoke, kila ukienda hesabu. Maana wenyewe wanapima kwa idadi, mara kadhaa ni usafishaji mdogo, nyingi ni wa kati, nyingi zaidi ndo wenyewe, na jioni binti wa zamu anapita na daftari.

Sasa mtu asiulize kwa nini sikukaa chumbani. Chumba changu na cha mama mkwe vilikuwa vinatumia choo kimoja katikati, mlango huku mlango kule, na mlango wenyewe wa mbao nyepesi ambao mama akikohoa kule mie huku nasema pole. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo usiku kucha. Saa tatu ikafika tumbo kimya. Saa tatu na nusu kimya, hata mngurumo. Nikajiambia tumbo la Mbongo hili, limelelewa na supu ya pweza na chipsi mayai za usiku wa manane, haluli ya Mhindi itaanzia wapi? Nikaona nitoke, nikaangalie ule msikiti wa Cheraman pale Kodungallur, wenyeji wanasema ni wa mwaka 629 na ndo wa kwanza India nzima, nirudi mchana, kama kuna lolote litakuwa limepita kimyakimya. Nikamuaga mama nikiwa nje ya mlango, "Naenda msikitini mama." Akafurahi. "Utuombee." Nimevaa shuka lao jeupe la pamba, mundu wanaita, nililinunua sokoni juzi yake, jeupe pee.

Nikapanda bajaji. Bajaji ni ile ile yetu, tena kwao ndo ilikozaliwa, ila wao wanaita auto. Barabara ya mvua, mashimo. Shimo la kwanza nikahisi kitu kimegeuka upande, kama paka anapojipanga kulala. Shimo la pili paka akasimama. Shimo la tatu sikuwa tena na paka, nilikuwa na ng'ombe wa machinjioni Vingunguti anayejua anapelekwa wapi.

Nikamshika dereva bega. Toileti? Toileti mbele ipo? Akayumbisha kichwa. Nikaona hapana. Petroli steshen? Akayumbisha kichwa. Msikiti? Akayumbisha. Yaani kila ninachouliza kwa macho yangu ananiambia hakuna, na anazidi kukanyaga mafuta, kumbe maskini ananiambia ndiyo, ndiyo, vyote vipo mbele, vumilia. Mie nikaona huyu mtu amenikatalia nchi nzima. Nikaanza kusoma kila sura niliyohifadhi, zilipoisha nikarudia Alhamdu, na mkono mmoja umeshika chuma cha bajaji na mwingine umeshika shuka kwa nyuma kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni.

Nikapiga kelele simama. Akasimama mbele ya nyumba moja ya ghorofa, geti la rangi ya dhahabu, mzee kakaa barazani anasoma gazeti. Sikubisha hodi wala sikusalimia. Yule mzee naona alinisoma kwa mwendo, maana hakuuliza jina, alinyoosha tu kidole: kule.

Nilifika. Zaidi ya hapo sitaeleza, ila lile shuka jeupe halikurudi Tanzania.

Niko mle ndani na ndoo na kopo (namshukuru Mungu, ndoo na kopo, sio karatasi), nasikia nje dereva anamweleza mzee kwa Kimalayalam, alafu mzee akaja karibu na mlango akauliza kwa Kiingereza, ninyi mnatoka nchi gani? Nikasema Tanzania. Kimya. Alafu:

"Aaaa! Pole, ndugu! Pole sana! Hakuna haraka!"

Nilidhani ni samli imepanda kichwani. Kumbe mzee amekaa Muscat miaka 19, dereva wa nyumba ya Waomani wenye asili ya Zanzibar, na wale mnawajua, nyumbani mwao ni Kiswahili mwanzo mwisho. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuagizwa. "Leta gari" anaijua, "funga mlango" anaijua, "wewe umechelewa wapi" anaijua. Basi akasimama pale mlangoni ananifariji na alivyonavyo. "Maji ipo? Leta maji?" Ipo mzee. "Haya. Wewe kaa." Nakaa. "Chai tayari." Mzee, chai sitaki. "Haya, baadaye."

Nilikaa pale mara nne, nikitoka narudi. Mke wake akanipa uji wa mchele mwepesi wenye chumvi kidogo, na mzee akanivalisha msuli wake wa drafti za bluu, akakataa kabisa nisimrudishie. Dereva naye alikataa pesa ya kusubiri, akayumbisha kichwa, na mara hii nilielewa. Msikiti wa mwaka 629 mpaka leo sijauona.

Saa nane nimerudi. Mama yuko barazani anachambua choroko na mpishi. Nimetoka na shuka jeupe, nimerudi na drafti za bluu. Akanitazama kuanzia chini mpaka juu, akarudisha macho kwenye choroko.

"Msikiti mzuri?"

"Mzuri sana mama."

"Umetuombea?"

"Nimeomba mama. Nimeomba sana."

Nikaingia ndani, na tumbo la Mbongo ndo likafungua ukurasa mpya. Nilikuwa nafungua bomba la maji kila nikiingia ili kuziba sauti, nafunga mlango taratibu kama mwizi, natembea kwa vidole. Kule upande wa pili kimya kabisa, nikajua mama kalala, au kaenda jikoni. Nikapata matumaini.

Magharibi binti wa zamu akapita na daftari lake. Tumekaa barazani wote, mama, mpishi, wale vijana wawili wa kusugua, na wagonjwa wengine wawili. Akanifikia, kalamu juu. "Ngapi?" kwa Kiingereza. Nikanong'ona nitakwambia baadaye. Hakusikia. Akauliza tena kwa vidole, moja, mbili, tatu, ngapi? Mie naangalia minazi. Nikamnong'oneza tena.

Mama hakuinua hata kichwa kutoka kwenye choroko.

"Pathinaalu," akasema.

Binti akaandika 14. Mpishi akashika mdomo kwa upande wa sari. Mama akapuliza maganda kwenye ungo, alafu akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Hizo za hapa, baba. Za msikitini mtajie mwenyewe."