Walimu wa lugha: chama kimoja, au kila lugha na chake?

Mwaka 1954 walimu wa lugha wa kaskazini mashariki mwa Marekani walianzisha mkutano wao wa kanda, NECTFL, miaka 13 kabla ya kuzaliwa chama cha taifa zima, ACTFL, mwaka 1967. Hadi leo mwalimu wa Kihispania hukaa humo pamoja na wa Kichina na wa Kilatini, na anayewania tuzo ya mwalimu bora wa lugha wa taifa hupitia kwanza ngazi ya kanda. Je, Zanzibar chama cha namna hiyo kitatufaa?

Wanaokitaka wana hoja nzito. Mwalimu wa Kifaransa wa skuli ya serikali mara nyingi hana mwenzake wa somo pale skuli. Semina akiipata, imeletwa na mfadhili pamoja na kitabu chake. Mfadhili akiondoka, na semina imekwisha. Wa Kiarabu naye ana wafadhili wake, na hawa wawili hawakutani, ingawa tatizo lao ni moja: darasa limejaa, utamfanyaje kila mtoto azungumze? Wala fikra hii si ngeni kwetu. TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliweka Kiswahili na lugha za kigeni chini ya paa moja tangu 1978, kabla ya kuingizwa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Upande wa pili, wanaotaka kila lugha iwe na chama chake, nao usidharauliwe. Mtoto wetu huja kwenye Kiarabu akiwa ametoka chuoni kusoma Kurani, herufi anazisoma na juzuu kadhaa kazihifadhi, lakini kuuliza bei ya mkate kwa lugha hiyo hawezi. Kwa Kifaransa anaanzia patupu. Mbinu za mmoja hazimfai sana mwingine, na siku nzima ya semina ya pamoja inaweza kupotea kwa maneno ya jumla. Shirikisho la kimataifa la walimu wa Kifaransa, FIPF, lipo tangu 1969 na lina kamisheni ya Afrika na Bahari ya Hindi. Lugha moja tu, na limefika mbali.

Halafu nani awe mwanachama? Hapa ndipo penye mzozo hasa. Papasi wa Kiwengwa, kijana anayewazungukia watalii ufukweni, anazungumza Kitaliano kuliko wengi wenye vyeti, lakini kuzungumza si kufundisha. Ustadhi wa chuo cha Kurani anafundisha Kiarabu, hana mshahara wa serikali. Yupo pia anayewafundisha wageni Kiswahili barazani Mji Mkongwe, kwa saa. Mimi ningewaingiza hawa wawili bila kusita. Papasi aje akishakuwa na wanafunzi.

Naegemea chama kimoja chenye matawi ya kila lugha: mbinu zijadiliwe tawini, maslahi na mitaala izungumzwe pamoja. Ila vyama vya Marekani hutegemea sana ada za wanachama na viingilio vya mikutano, na mwalimu wa Micheweni, Pemba, hawezi kulipa ada, nauli ya meli na malazi ya Unguja kwa mpigo. Basi kazi ya kila mwezi ifanyike kwenye vituo vya walimu, Michakaeni na Mitiulaya kwa Pemba, ambako mtu anafika kwa gari ya abiria na kurudi kwake jioni. Na mkutano mkuu wa kwanza uwe Chake Chake, walimu wa Unguja ndio wavuke.