Nchi kukaguana kuhusu rushwa: ripoti iwe ya nani?

Desemba 2006 Uingereza ilisitisha uchunguzi wa rushwa katika mauzo ya silaha ya kampuni ya BAE kwa Saudi Arabia, ikitaja usalama wa taifa. Nchi wenzake katika kikundi kazi cha rushwa cha OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi tajiri ambamo wanachama hukaguana, hazikuwa na polisi wala mahakama ya kuilazimisha iendelee. Zilikuwa na ripoti tu. Oktoba 2008 zikaitoa hadharani na kueleza wazi kutoridhishwa kwao na sheria za hongo za Uingereza, zilizokuwa zimepitwa na wakati. Mwaka 2010 Bunge la London likapitisha sheria mpya.

Sisi Watanzania tunaijua BAE kwa rada ya pauni milioni 28 iliyotuuzia. Ile chenji ya rada, yaani fedha ambazo BAE ilitulipa baadaye, iliyonunua vitabu na madawati ya shule ilitokana na kesi, si na ukaguzi huo. Lakini mtu aliyeona gharama ya rada ile hawezi kupuuza chombo chochote kinachozibana nchi zinakotoka kampuni zinazohonga.

Umoja wa Mataifa nao una utaratibu wake, ulioanza mwaka 2010 chini ya mkataba wake dhidi ya rushwa. Kila nchi hukaguliwa na nchi mbili zinazopatikana kwa bahati nasibu, moja ikitoka kanda yake. Inaanza kwa kujaza dodoso yenyewe. Wakaguzi kuja kujionea ni mpaka mwenyeji aridhie. Mwishoni muhtasari hutangazwa, na ripoti kamili hubaki kabatini hadi nchi yenyewe iruhusu.

Upole huu una sababu. Mkataba una nchi wanachama zaidi ya 180, na nyingi zisingekubali kukaguliwa kama zingehofia ripoti kugeuzwa fimbo ya kunyimwa misaada. Tena kujaza dodoso peke yake humlazimu mwanasheria wa serikali kuona pengo ambalo hakuwahi kuulizwa. Hoja hizo nazikubali.

Ninachokikataa ni kabati. Mkaguzi anayejua kesho ni zamu yake ataona haya kumbana jirani, na dawa ya haya hiyo ni macho ya wengine: mbunge, mwandishi wa habari, mwananchi mlipa kodi. Nchi zisipangwe kwa alama wala zisiadhibiwe, sawa, ila ripoti nzima isomwe. Wala hakuna haja ya kusubiri mkataba urekebishwe. Kanuni zilizopo zinairuhusu serikali yoyote kuichapisha yake hata kesho asubuhi.