Daftari la Getini

Leo nimetangazwa mbele za watu na mlinzi anayekula muhogo wa kuchoma, na mpaka sasa mkono unanitetemeka.

Jamani, mimi nchi hii si imeshanijua? Vidole vyangu wanavyo. Januari 2020, zile siku za mwisho za kusajili laini kabla hawajazima, nilipanga foleni na mashine ikakikataa kidole gumba changu mara saba, kisa saruji. Nakisugua kwenye suruali, nakibandika, kimekataliwa. Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe uliyozaliwa, kwa hiyo ukimtajia wakala wa mwavulini, muuza karanga naye anaujua umri wako. Treni, kitambulisho. Gesti, wanataka mpaka kabila. Na ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", bado unaingia kila asubuhi kama salamu.

Sasa leo. Nimemfuata shemeji yangu kwenye ofisi moja hapa mjini, jina silitaji. Getini kuna meza, juu yake kaunta buku, na kalamu imefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Kalamu ya shilingi mia tatu, imefungwa isiibiwe! Majina na namba za simu za watu tangu Jumatatu yako wazi, yanapepewa na huu upepo wetu wa Dodoma.

Nikaandika jina, simu, ninakotoka. Kwenye "sababu" nikaandika: Binafsi.

Mlinzi akaligeuza daftari, akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba. "Binafsi. Binafsi ndiyo nini?"

"Ndiyo binafsi, afande."

"Hapa hatuna binafsi. Kuna kikazi, kuna malipo, kuna kumwona ndugu kwa shida fulani. Shida gani?"

Nyuma yangu watu sita. Nikasafisha koo, nikavuta koti. Nikamweleza kwamba Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, na kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na Tume yake ipo. Neno "binafsi" nililitamka na kidole juu.

Kijana mmoja wa chuo, wala hakuulizwa: "Lakini mzee, ibara hiyohiyo, ndogo ya pili, inaruhusu mamlaka kuweka utaratibu wa kisheria wa kuingilia faragha."

"Wa kisheria!" nikamgeukia. "Siyo wa muhogo!"

Mlinzi akatafuna taratibu. "Mzee, mimi nalinda usalama. Likitokea jambo humu ndani, niseme aliingia Binafsi?"

Hapo alinibana, sikatai. Na mimi napenda kulindwa. Lakini mwenye nia mbaya si anaandika "kikazi" anapita? Anayekwama ni mimi mwenye shida zangu!

"Haya, nimekuja KUKOPA! Elfu hamsini! Ya gesi na ya mtoto!"

Kimya. Mama mmoja akasema pole. Mlinzi akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Sasa wakati anaandika, jicho likapanda mistari ya juu. Marekani mwaka 2013 ilibidi Snowden, yule aliyevujisha siri za ujasusi, aikimbie nchi ndipo watu wajue serikali inakusanya nini. Hapa unainamisha shingo tu. Mstari wa nne juu yangu, jina nalijua. Fundi wangu! Aliyekula advansi ya kitanda mwezi wa sita, akabadilisha laini, mkewe ananiambia yuko Kondoa kwenye msiba. Namba mpya hii hapa. Sababu: kufuata malipo. Ameingia saa tatu na robo. Muda wa kutoka: patupu.

Namba nikaiandika kiganjani kwa ileile kalamu ya kamba. Mambo ya shemeji nikayasahau.

"Afande," nikamnong'oneza, "wanaotoka wanapita hapa tu, au kuna geti la nyuma?"

Akaacha kutafuna. Akalifunga daftari, akaliwekea kiwiko juu.

"Mzee, hiyo siwezi kukwambia. Ni mambo ya usalama."